Upendo wa Antigone

Walimu wa Kiswahili tumemzoea Edipode tangu mwaka 1971, Samuel Mushi alipoifasiri tamthilia ya Sophocles akaiita Mfalme Edipode. Binti yake Edipode, Antigone, hatumtaji sana. Nasi twaona ndiye atuhusuye zaidi.

Mfalme Creon alikataza maiti ya kaka yake Antigone isizikwe. Msichana akaifukia kwa mchanga, akahukumiwa kufa, ingawa alikuwa mchumba wa Haemon, mwana wa Creon huyohuyo. Sophocles hakuwakutanisha wachumba hao jukwaani hata mara moja. Jean Anouilh, alipokisimulia kisa upya mjini Paris mwaka 1944, Wajerumani wangali wanautawala mji, aliwakutanisha wakasemezana mapenzi. Na bado msichana akachagua kaburi. Wanafunzi wetu walikuwa wakikasirika hapo: mapenzi gani hayo?

Mwaka 1973, Athol Fugard, John Kani na Winston Ntshona walimwingiza Antigone katika gereza la Afrika Kusini. Tamthilia yao, The Island, ina wafungwa wawili tu, na upendo uliobaki ni wa mfungwa kwa mwenziwe.

Nasi je? Mapema mwaka 2020 Tume ya Ukweli na Maridhiano ilifukua huko Karusi mabaki ya watu zaidi ya 6,000, wahanga wa mwaka 1972 kwa maelezo yake. Baadhi walitambuliwa kwa nguo, miwani na rozari. Mwaka huohuo, hapa Bujumbura, tulipofika pale Antigone anapochota mchanga, mwanafunzi mmoja aliomba tuparudie.