Ukitafuta Chakula cha Nje Sumbawanga, Anzia kwa Mama wa Dagaa

Taja Sumbawanga mtandaoni uone. Dakika haiishi, mtu ameshaleta utani wa uchawi, wa pili kaongeza radi, wa tatu anauliza ungo unakatiwa tiketi stendi ipi. Hata jina lenyewe wengi wanalieleza kuwa ni agizo: tupa uchawi. Sawa, tumecheka. Ila kuna swali ambalo watu waliohamishiwa kule kikazi huwa wanauliza kwa uchungu kabisa, walimu, manesi, vijana wa benki: jamani, huku vyakula vya nje vinapatikana wapi? Wanamaanisha jibini, tambi za kupakiwa, ile michuzi ya chupa yenye maandishi ya Kichina.

Jibu fupi: nenda soko kuu, achana na rafu za vioo. Jibu refu ndiyo makala yenyewe, kwa sababu nyanda za Ufipa zimekuwa zikila vya nje tangu kabla hujazaliwa wewe, bibi yako na bibi wa bibi yako. Kinachokosekana ni majina ya waliovileta tu. Livingstone alipita Ufipa mwaka 1872, mwaka mmoja kabla ya kufa, na jina lake lipo vitabuni. Joseph Thomson alipita 1880, akafika mpaka kulibatiza Ziwa Rukwa jina la mfalme wa Ubelgiji, Leopold. Jina halikushika, mshukuru Mungu. Lakini aliyepanda huko juu na mzigo wa kwanza wa chumvi, au aliyefunga punje za mahindi kwenye pindo la nguo, hana hata herufi moja.

Tuanze na chumvi, maana bila hiyo hakuna mboga.

Kusini mwa Ziwa Rukwa kuna sehemu inaitwa Ivuna. Wataalamu wa mambo ya kale walichimba pale na kuchapisha matokeo yao mwaka 1968: watu walikuwa wanatengeneza chumvi hapo kati ya karne ya 13 na ya 15. Kaskazini zaidi kuna Uvinza, kwenye chemchemi za maji ya chumvi, na huko kazi ilianza mapema zaidi, kama karne ya 5. Wafipa wao walikuwa na chuma. Ukitembea Ufipa leo bado unaweza kuoneshwa mabaki ya matanuru ya udongo marefu kuliko mtu, ambamo walikuwa wanayeyusha chuma cha majembe. Na bondeni Rukwa walikuwa wanafuma nguo za pamba. Sasa piga hesabu mwenyewe. Huyu ana jembe, yule ana chumvi, wa tatu ana nguo. Hiyo ni biashara ya kuvuka mipaka, na haikusubiri mtu yeyote aje na ramani kuionesha mipaka iko wapi.

Kisha njoo kwenye sahani yako. Ugali wa mahindi, maharage, kachumbari ya nyanya, pembeni karanga za kukaanga. Chakula cha nyumbani kabisa, si ndiyo? Mahindi asili yake Mexico. Maharage haya ya kawaida, nyanya, karanga, mihogo, vyote vimetoka bara la Amerika, vikavuka bahari kwa meli za Wareno na wenzao, vikaingia bara kwa mikono ya watu. Mwenyeji wa kweli wa Ufipa ni ulezi. Wafipa walikuwa wanalima kwa mtindo wao wa matuta ya duara, ntumba, wanafukia majani ndani yaoze yawe mbolea, na ulezi ukatoa ugali mweusi unaokaa tumboni mpaka jioni. Na pombe pia, hilo lisisahaulike.

Basi ulezi ulishushwaje cheo? Mahindi hayakuupindua peke yake. Mkoa wa Rukwa ulianzishwa mwaka 1974, na miaka hiyohiyo serikali ilikuwa na sera ya bei moja nchi nzima. Shirika la Taifa la Usagishaji, NMC, linanunua gunia la mahindi Sumbawanga kwa bei ileile ya karibu na Dar es Salaam, wakati umbali ni zaidi ya kilomita 1,000. Gharama ya lori inabebwa na serikali. Kwa mkulima wa Ufipa hiyo ilikuwa kama kuokota hela. Wakalima mahindi hasa, mpaka Rukwa ikatajwa pamoja na Iringa, Mbeya na Ruvuma kama mikoa minne inayolisha taifa. Miaka ya 1980 sera ikalegezwa, ruzuku ikapungua, na wakulima wakabaki na mahindi mengi, barabara mbovu na mnunuzi anayepanga bei akiwa ameketi kwenye bodi ya lori. Mimi naona hapo ndipo Ufipa ilipojifunza kutazama kusini, Zambia, kuliko mashariki.

Na leo ule ulezi umerudi mjini kwa gia nyingine. Unauzwa Dar kwenye pakiti yenye picha ya mtoto mnene, unga wa lishe. Sumbawanga unapimiwa kwa sado.

Sasa twende ziwani, maana hapo ndipo neno kimataifa lina maana yake kamili. Ziwa Tanganyika linagusa nchi nne: Tanzania, Kongo, Burundi na Zambia. Upande wa Ufipa bandari zake ni Kirando, Kipili na Kasanga. Kasanga Wajerumani waliiita Bismarckburg, na wao ndio walioleta meli ya Graf von Götzen, iliyozinduliwa Kigoma 1915, wakaizamisha wenyewe 1916 isichukuliwe na adui. Waingereza wakaiibua 1924, na 1927 ikarudi kazini kwa jina la Liemba. Kwa miongo mingi Liemba ilikuwa inatoka Kigoma kwenda Mpulungu, Zambia, na vijiji vingi njiani havina gati. Meli inasimama majini, mitumbwi inaizunguka, watu wanapanda na kushuka gizani na magunia ya dagaa, mananasi, kuku wamefungwa miguu. Historia ya meli imeandikwa mara nyingi sana, kuna watu wanaijua injini yake kuliko wanavyomjua shangazi yao. Wale akina mama waliokuwa wanarusha gunia kutoka kwenye mtumbwi unaoyumba hadi mlangoni mwa meli, hakuna aliyewaandika.

Dagaa wenyewe ni wasafiri. Burundi wanaitwa ndagala, Zambia ni kapenta. Mwishoni mwa miaka ya 1950 aina mojawapo ilichukuliwa ziwani kwetu ikapandikizwa Ziwa Kivu, huko wanaiita sambaza. Mwaka 1967 na 1968 ikapelekwa Kariba, kati ya Zambia na Zimbabwe, ikazaana mpaka ikawa kitoweo cha nchi mbili. Kwa hiyo ukiona mtu Harare anasifia kapenta wake, mwambie kwa upole kwamba ukoo wao upo huku.

Na hii si hadithi ya zamani tu. Mwaka 2024 uvuvi Ziwa Tanganyika ulisimamishwa kwa miezi mitatu, kuanzia katikati ya Mei hadi katikati ya Agosti, kwa makubaliano ya nchi zote nne, ili samaki wapate kuzaliana. Mimi naiunga mkono hatua hiyo, ziwa lilikuwa limechoka. Lakini anayeanika dagaa mchangani hana mshahara wa kusubiri Agosti. Mkopo wa kikundi unadai kila wiki, mapumziko ya samaki haujui.

Kwa hiyo ukienda sokoni kutafuta ladha ya ziwa, usiseme tu "nipe dagaa". Uliza wametoka wapi, wamekaushwa mchangani au kwenye chanja. Wa mchangani wana bei nafuu na watakusumbua meno. Uliza migebuka ya kukausha pia. Kuhe ukimpata mbichi, usijadili bei sana, atachukuliwa na mwingine. Na mchele uulize wa bondeni, wa Rukwa, kule walikoshuka wafugaji wa Kisukuma na ng'ombe wao. Ukikuta na michembe, yale makavu ya viazi vitamu, ujue ni mizigo ya safari hiyohiyo.

Nimekuwa nikiizunguka bidhaa moja makusudi. Inaitwa chikanda, wengine kikanda.

Ukiiona kwa mara ya kwanza utadhani ni keki iliyoungua au kipande cha sabuni ya kahawia. Wazambia hupenda kuifananisha na poloni, ile soseji nene ya kukata vipande. Ni chakula cha Wabemba na jirani zao wa kaskazini mwa Zambia, lakini siku hizi kinaliwa mpaka Lusaka, barabarani na hotelini. Haina hata chembe ya nyama. Ni viazi vidogo vya mwituni, vinakaushwa, vinatwangwa, vinachanganywa na unga wa karanga, magadi kidogo, pilipili, chumvi, kisha vinasongwa kwenye maji ya moto mpaka vishikane. Ikipoa unakata vipande. Inavutika kidogo mdomoni, ina ladha ya karanga na ya udongo baada ya mvua. Wengine hawaipendi. Wanakosea, lakini ni haki yao.

Viazi hivyo ni vya okidi. Ndiyo, okidi yale maua ya bei mbaya ya kwenye kumbi za harusi, ila hawa ni ndugu zao wanaoota ardhini kwenye majani ya milimani. Na si Wazambia peke yao duniani wanaokula mmea huo. Uturuki wanatengeneza kinywaji cha moto na aiskrimu kwa unga wa viazi vya okidi, wanauita salep, na huko pia umewaletea shida hii ninayotaka kueleza.

Shida ni kwamba okidi hachumwi kama embe. Ukichimba kiazi umeua mmea. Zambia walichimba za kwao mpaka zikaadimika, wafanyabiashara wakageukia majirani, na Nyanda za Juu Kusini za Tanzania, ambazo Ufipa ni kona yake ya magharibi, zikawa shamba lao. Utafiti wa Tim Davenport na Henry Ndangalasi, uliochapishwa mwaka 2003, ulikadiria kuwa kati ya viazi milioni 2.2 na milioni 4.1 vilikuwa vinavuka kwenda Zambia kila mwaka. Miaka miwili baadaye Kitulo, kule Njombe na Mbeya, ikatangazwa Hifadhi ya Taifa, na okidi ni sababu kubwa. Kuvusha okidi mpakani kunahitaji kibali chini ya mkataba wa CITES, unaosimamia biashara ya kimataifa ya viumbe vilivyo hatarini. Ufipa haina hifadhi ya maua. Ina mpaka tu.

Mpaka wenyewe umerahisishwa. Lami ya Tunduma hadi Sumbawanga ilijengwa kwa fedha za Marekani, kwenye mkataba uliosainiwa 2008, na ukipita Matai unafika Kasesya, ng'ambo ni njia ya Mbala. Barabara hizi zimewafaidi wakulima, hilo halina ubishi. Ila serikali ilipofunga usafirishaji wa mahindi nje mwaka 2011, na tena 2017, mkulima wa Ufipa alikuwa na soko analiona kwa macho na haruhusiwi kulifikia, huku gunia la viazi vya okidi, jepesi na lisilo na harufu, likiweza kukaa chini ya viazi mviringo bila mtu kushtuka.

Anayechimba ni nani? Mara nyingi ni mama au kijana wa kijiji kilicho karibu na mlima, anayelipwa kwa kopo, bei anayopangiwa na mtu wa katikati. Anayepata pesa hasa yuko Nakonde. Akikamatwa mtu, huwa ni yule wa kopo. Na milima ikiisha okidi, wa Nakonde atahamia Kongo au kwingine, wa kopo atabaki hapohapo na jembe lake.

Kwa hiyo nikikuelekeza wapi pa kuonja chikanda nakuwa nimekuingiza kwenye mnyororo huo, najua. Nitakachosema ni hiki: wanaoipika wanajua viazi vyao vimetoka mlima gani, na wakongwe wanakumbuka vilivyokuwa vikubwa kuliko hivi vya sasa. Ukikuta anayeuza, nunua kipande kimoja, si ndoo, halafu muulize zamani alikuwa anavipata wapi na leo inabidi vifuatwe umbali gani. Ukiruhusiwa, andika jina lake.