Udhamini, Ubalozi na Kutofungamana: Siasa ya Nje ya Tanzania Changa, 1961–1968

1. Utangulizi

Taifa dogo linapopata uhuru hukabidhiwa pia wajibu wa kuzungumza na dunia kwa kinywa chake. Tanganyika ilipata uhuru tarehe 9 Desemba 1961, na siku tano baadaye ikapokewa katika Umoja wa Mataifa. Ilikuwa nchi ya watu takribani milioni 10, yenye wataalamu wachache mno, jeshi dogo lililoongozwa na maofisa wa Kiingereza, na bajeti ya maendeleo iliyotegemea kwa kiasi kikubwa fedha za Uingereza. Swali lililoikabili lilikuwa hili: je, nchi ya namna hiyo yaweza kuwa na msimamo wake katika mambo ya dunia, na ikiwa yaweza, msimamo huo una bei gani?

Wanahistoria na wataalamu wa sayansi ya siasa wameshughulikia swali hilo kwa mapana. Mhadhara huu unalitazama kwa jicho la taaluma ya Kiswahili. Mambo ya nje ya Tanzania yaliendeshwa kwa sehemu kubwa kwa Kiingereza, lakini wananchi walielezwa mambo hayo kwa Kiswahili. Baina ya lugha hizo mbili maneno kama udhamini, ubalozi na kutofungamana yalibeba maana ambazo hazikulingana sawasawa na zile za lugha za kigeni. Kuyachunguza kunasaidia kuelewa namna taifa changa lilivyojieleza hatari zilizolizunguka.

2. Urithi wa mikataba

Mtihani wa kwanza ulikuja kabla ya uhuru wenyewe. Tarehe 30 Novemba 1961, Waziri Mkuu Julius Nyerere alitangaza msimamo wa serikali yake kuhusu mikataba ambayo Uingereza iliifunga kwa niaba ya Tanganyika. Mikataba baina ya nchi mbili ingeendelea kutumika kwa muda wa miaka miwili. Katika muda huo kila mmoja ungechunguzwa, na ule usiokubaliwa upya ungekoma. Msimamo huo ulijulikana baadaye katika sheria ya kimataifa kwa jina la Nyerere, na mataifa mengine mapya yaliufuata kwa namna mbalimbali.

Yapo mambo mawili yaliyoonyesha uzito wake. La kwanza ni makubaliano ya mwaka 1921 na 1951 baina ya Uingereza na Ubelgiji, yaliyoipa Ubelgiji maeneo ya bandari katika Dar es Salaam na Kigoma kwa kodi ya jina tu, bila kikomo cha muda. La pili ni makubaliano ya mwaka 1929 baina ya Uingereza na Misri kuhusu maji ya Mto Nile. Mwaka 1962 Tanganyika iliziarifu Uingereza, Misri na Sudan kwamba haikujiona imefungwa na makubaliano hayo ya Nile.

Hapa neno udhamini linastahili kuangaliwa. Tanganyika ilikuwa nchi ya udhamini chini ya Umoja wa Mataifa, na Uingereza ilikuwa mdhamini. Katika matumizi ya kawaida ya Kiswahili, mdhamini ni mtu anayesimama kwa ajili ya mwingine. Mali anayoisimamia haiwi yake. Katika sheria ya mirathi inayojulikana pwani, deni la marehemu hulipwa kutokana na mali yake kabla warithi hawajagawana kitu. Lau Uingereza ingekuwa mwenye mali, mrithi wake angebanwa na madeni yake. Lakini mdhamini hana uwezo wa kuifunga milele mali isiyo yake, na hoja iliyotolewa dhidi ya haki za Ubelgiji bandarini ilikuwa ya aina hiyo hasa: mamlaka ya Uingereza yalikuwa na mwisho, kwa hiyo haikuweza kutoa haki zisizo na mwisho. Wanasheria waliiandika hoja hiyo kwa Kiingereza. Msemaji wa Kiswahili aliikuta tayari ndani ya neno.

3. Wajerumani wawili na ubalozi mmoja

Mtihani wa pili ulitokana na Muungano. Baada ya Mapinduzi ya tarehe 12 Januari 1964, Zanzibar iliitambua Ujerumani Mashariki, nayo ikafungua ubalozi visiwani. Tanganyika ilikuwa na uhusiano na Ujerumani Magharibi. Nchi hizo mbili zilipoungana tarehe 26 Aprili 1964, taifa jipya lilijikuta na Wajerumani wawili chini ya paa moja, na kila mmoja akimkana mwenziwe.

Tangu mwaka 1955 Ujerumani Magharibi ilikuwa na kanuni, iliyopewa jina la Hallstein, kwamba nchi yoyote itakayoitambua Ujerumani Mashariki itahesabiwa kuwa imefanya kitendo kisicho cha kirafiki. Kwa nchi maskini tafsiri yake ilikuwa wazi: misaada ingeweza kukatwa. Wakati huo Ujerumani Magharibi ilikuwa ikisaidia kuunda vikosi vya anga na vya majini vya Tanzania. Kwa upande mwingine, kuufunga ubalozi wa Zanzibar kwa amri kungeutia Muungano mchanga katika majaribu.

Februari 1965 serikali iliamua kwamba Ujerumani Mashariki ingekuwa na ofisi ya konseli mkuu Dar es Salaam, bila kutambuliwa kuwa dola. Serikali ya Bonn haikuridhika. Ikawaondoa wataalamu wake wa kijeshi. Nyerere akajibu kwa kuitaka iondoe pia misaada yake mingine ya kiserikali, kwa kuwa msaada unaotumiwa kuamua sera ya mpokeaji umekwisha kuwa kitu kingine. Hata hivyo, uhusiano wa kibalozi na Bonn haukuvunjwa.

Kiswahili humwita konseli balozi mdogo, na ofisi yake ubalozi mdogo. Katika sheria ya kimataifa, baina ya ubalozi na ofisi ya konseli pana suala zima la kutambuliwa kwa dola. Katika Kiswahili tofauti hiyo imo katika kivumishi kimoja tu, na msomaji wa gazeti angeweza kudhani kwamba mgeni amehamishwa kutoka chumba kikubwa kwenda kidogo. Neno balozi lenyewe limesafiri mbali: wataalamu wengi hulifuatilia kupitia Kiarabu cha Ghuba na Kituruki hadi kwa wawakilishi wa Venice katika Mashariki ya Kati. Miaka hiyohiyo ya 1960 TANU ilipounda mashina ya nyumba kumi kumi, kiongozi wa shina naye aliitwa balozi. Mwananchi alimjua balozi kuwa jirani anayepeleka habari na kuzirudisha. Kwa mtazamo huo, balozi anayewaamulia wenyeji wake ni nani wa kukaribisha amekiuka kazi yake.

4. Hatari ya maneno

Januari 1965, wakati suala la Wajerumani halijatatuliwa, Tanzania iliwafukuza wanadiplomasia wawili wa Marekani, mmoja wao akiwa Frank Carlucci aliyekuwa Zanzibar. Walituhumiwa kula njama, na ushahidi ulitokana na mazungumzo ya simu yaliyonaswa. Kwa maelezo ya upande wa Marekani, wawili hao walikuwa wakizungumzia namna ya kuishawishi Washington itume salamu nzito kwa maadhimisho ya mwaka wa kwanza wa Mapinduzi, na walitaja silaha na risasi kwa maana ya hoja. Marekani ililipiza, na balozi wa Tanzania akaitwa nyumbani.

Kiingereza kimezoea kuzungumzia mabishano kana kwamba ni vita. Kiswahili kwa kawaida huipa hoja uzito: hoja ni nzito au nyepesi, ina mashiko au haina. Hata hivyo, haitoshi kulieleza tukio hili kuwa kosa la tafsiri. Masikio yaliyosikia maneno hayo yalikuwa yamekwisha kusikia mengi. Lumumba aliuawa Januari 1961. Jeshi la Tanganyika liliasi Januari 1964, na serikali ikalazimika kuwaita askari wa Uingereza, jambo lililoifedhehesha. Novemba 1964 askari wa miavuli wa Ubelgiji waliteremka Stanleyville, Kongo, kutoka katika ndege za Marekani. Taifa dogo lisilo na idara kubwa ya upelelezi, lililozungukwa na matukio hayo, lilisoma neno risasi kwa maana yake ya wazi. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka.

5. Rhodesia na bei ya heshima

Mtihani mkubwa zaidi ulikuja tarehe 11 Novemba 1965, pale walowezi wa Rhodesia chini ya Ian Smith walipojitangazia uhuru. Mwanzoni mwa Desemba, mawaziri wa Umoja wa Nchi Huru za Afrika waliazimia mjini Addis Ababa kwamba wanachama wavunje uhusiano na Uingereza iwapo haitauzima uasi huo kufikia tarehe 15 Desemba. Siku ilipofika, ni nchi chache tu zilizotekeleza azimio. Tanzania ilikuwa mojawapo, ingawa ilibaki katika Jumuiya ya Madola. Mkopo wa Uingereza wa pauni milioni 7.5, uliokuwa umekwisha kujadiliwa, ukasimamishwa. Uhusiano ulirejeshwa mwaka 1968.

Wakosoaji wana hoja isiyopuuzika. Smith hakuanguka kwa sababu ya uamuzi wa Dar es Salaam. Zimbabwe ilipata uhuru mwaka 1980, baada ya vita virefu. Shule na barabara ambazo mkopo ule ungezijenga zilichelewa, na waliokosa ni wananchi maskini. Nyerere alilieleza Bunge kwamba kilichokuwa hatarini ni heshima ya Afrika. Katika Kiswahili heshima haijitoshelezi: mtu hupewa na wenziwe kwa namna anavyoyatunza maneno yake. Bara lililoahidi hadharani na kisha kunyamaza lingejivunjia heshima lenyewe. Faida ya uamuzi haikuonekana katika hesabu za mwaka ule; ilionekana pale vyama vya ukombozi vilivyokuwa na makao Dar es Salaam, kikiwamo FRELIMO kilichoundwa humo mwaka 1962, vilipoendelea kumwamini mwenyeji wao.

6. Kufungamana na kutofungamana

Sera iliyounganisha mambo yote haya iliitwa kutofungamana na upande wowote. Neno la Kiingereza linalotafsiriwa hivyo limejengwa juu ya mstari: nchi inakataa kusimama katika safu ya mtu. Kiswahili kimechagua funga, kikaongeza viambishi vinavyoonyesha hali na kutendeana, tukapata fungamana: kushikana hata kila mmoja akawa hawezi kusogea bila mwingine. Kukataa hali hiyo hakumzuii mtu kushirikiana. Anaweza kukopa hapa, kuuza pale, ilimradi kila fundo liweze kufunguliwa.

Kwa kipimo hicho Tanzania haikufaulu daima. Benki ya Dunia na mataifa ya Magharibi yalipokataa kugharimia reli ya kwenda Zambia, China ilikubali mwaka 1967 kwa mkopo usio na riba. Reli hiyo ya kilomita 1,860 ilijengwa kati ya mwaka 1970 na 1975, na mahitaji yake ya vipuri na wataalamu yalikuwa fundo jipya. Azimio la Arusha la mwaka 1967 lilikwisha kuonya kwamba zawadi, mikopo na rasilimali za watu binafsi kutoka nje haziwezi kuwa msingi wa maendeleo bila kuhatarisha uhuru. Kutoka katika onyo hilo hadi kujitegemea kwa kweli palikuwa na safari ndefu, na nchi haikuimaliza.

7. Hitimisho

Matukio ya mwaka 1961 hadi 1968 yanaonyesha kwamba udogo wa nchi hauiondolei uwezo wa kuamua. Huiongezea gharama ya kila uamuzi. Tanzania ililipa gharama hiyo kwa mikopo iliyosimamishwa, wataalamu walioondolewa na uhusiano uliovunjika. Ilipata kitu ambacho hakikuandikwa katika mkataba wowote: Julai 2004, mjini Addis Ababa, Rais Joaquim Chissano wa Msumbiji aliuhutubia Umoja wa Afrika kwa Kiswahili, lugha ambayo wapigania uhuru wengi wa nchi yake waliishi nayo walipokuwa Tanzania.

Kwa wanafunzi wa Kiswahili kazi iliyobaki ni kubwa. Hotuba, magazeti na vijitabu vya chama vya miaka hiyo vimesomwa zaidi kama ushahidi wa siasa kuliko kama matini za lugha. Humo ndimo udhamini, ubalozi na kutofungamana vilipokomazwa kuwa istilahi, katika siku ambazo makosa ya neno yangeweza kuigharimu nchi rafiki.