Mwendo Ubadilike, Kidatu Palepale

Shangazi akituma ujumbe wa sauti wa dakika sita, wengi wetu tunagusa alama ya 2x na kumsikiliza kwa dakika tatu. Anaongea kama anayekimbizwa, lakini sauti ni yake ileile, haijawa ya kitoto. Enzi za tepu hilo lilikuwa gumu. Mpiga gitaa aliyetaka kunasa solo ya muziki wa dansi aliweka spidi ya nusu, na noti ya La yenye mitetemo 440 kwa sekunde ikaporomoka hadi 220, oktava nzima chini. Mwimbaji naye akanguruma kama simba mwenye usingizi.

Leo kasi na sauti zimetenganishwa, ila jina la tendo hilo kwa Kiswahili bado linayumba. Wapo wanaosema "kunyoosha muda", neno kwa neno kutoka Kiingereza. Silipendi. Kwetu kinachonyooshwa ni shati, au mtoto mtundu. Na anayeharakisha wimbo hanyooshi chochote. "Kukaza mwendo" lingefaa, kama si wapiga udi: kwao kukaza uzi ndiko kupandisha sauti, jambo lenyewe tunalolikwepa. Bora "kuchapua", neno la miguu na la ngoma, na kinyume chake "kupunguza mwendo". Sauti kuwa juu au chini, wanaisimu wanaiita "kidatu" (si lile bwawa la umeme la Morogoro).

Kidatu kinabakije mahali pake? Programu huukata wimbo vipande vya milisekunde 40 hivi, kisha huvipandanisha kama fundi anavyopandanisha makuti juu ya paa. Paa likiwa refu, huyaachanisha kidogo. Likiwa fupi, huyabananisha. Kuti lenyewe halirefuki wala halifupiki, kwa hiyo mitetemo iliyomo ndani ya kila kipande haiguswi. Ipo njia nyingine, ya kuuchambua wimbo kwa masafa yake, waliyoieleza Flanagan na Golden wa Bell Labs mwaka 1966. Ukizidisha, paa linavuja: pigo moja la ngoma husikika mawili, na mwimbaji anakuwa kama yumo ndani ya bomba.

Wala si kila mtu anataka kidatu kitulie. Singeli ya Dar es Salaam ilianza kwa kuchapua vipande vya taarabu, leo inapita mapigo 200 kwa dakika, na ule wembamba wa sauti umekuwa ladha yenyewe. Mtayarishaji wa singeli ukimwekea kitufe cha kulinda kidatu, atakizima.

Pendekezo langu: tendo lenyewe liitwe "kubadili mwendo", na kitufe hicho kiandikwe "kidatu palepale". Mwenye neno fupi zaidi atuandikie.