Mark Rothko, mchoraji aliyerudisha fedha za matajiri

MIONGONI mwa wachoraji waliobadili sura ya sanaa katika karne ya 20, ni wachache waliozusha mjadala mrefu kama Mark Rothko. Picha zake mashuhuri hazina mtu, mti wala nyumba. Ni mistatili miwili au mitatu ya rangi, yenye kingo zilizofifia, inayoonekana kama inaelea juu ya rangi nyingine.

Rothko alizaliwa Septemba 25, 1903 katika mji wa Dvinsk, uliokuwa chini ya himaya ya Urusi. Leo mji huo unaitwa Daugavpils na umo nchini Latvia. Wazazi wake, waliokuwa Wayahudi, walimpa jina la Markus Rothkowitz. Baba yake alikuwa mfamasia.

Baba ndiye aliyetangulia kuhamia Marekani, katika mji wa Portland, jimbo la Oregon. Mwaka 1913 Markus alimfuata pamoja na mama na dada yake. Miezi michache baadaye, mwaka 1914, baba akafariki dunia. Familia ikabaki na dhiki, na kijana huyo akalazimika kuuza magazeti ili kusaidia nyumbani.

Mwaka 1921 alijiunga na Chuo Kikuu cha Yale kwa ufadhili wa masomo, lakini ufadhili huo haukuendelea. Aliondoka mwaka 1923 bila shahada na kwenda New York, alikoanza kujifunza uchoraji. Mmoja wa walimu wake alikuwa mchoraji Max Weber. Yale ilikuja kumtunuku shahada ya heshima mwaka 1969.

Kwa miaka mingi sanaa haikumlisha. Kuanzia mwaka 1929 hadi 1952 alifundisha watoto kuchora katika shule moja huko Brooklyn. Wakati huo alichora watu wa mjini, wakiwamo abiria waliosimama wapweke katika vituo vya treni za chini ya ardhi. Alipata uraia wa Marekani mwaka 1938, na mwaka 1940 akaanza kutumia jina la Mark Rothko.

Vita Kuu ya Pili ya Dunia ilipokuwa ikiendelea, aliamini kuwa maumbo ya watu hayakutosha tena kubeba uzito wa mambo yaliyokuwa yakitokea. Akageukia hadithi za kale za Wagiriki, kisha kuanzia mwaka 1946 akaondoa maumbo yote yanayotambulika. Kufikia mwaka 1950 alikuwa ameupata mtindo uliomtambulisha duniani.

Mtindo huo ulihitaji subira. Rothko alipaka rangi nyepesi tabaka juu ya tabaka, hata mwanga ukaonekana kama unatoka ndani ya turubai. Alitaka picha zake kubwa zitundikwe karibu na sakafu, bila fremu, katika mwanga hafifu, ili mtazamaji asimame karibu na kuzungukwa na rangi. Hakupenda kuitwa mchoraji wa sanaa dhahania. Alisema kuwa kilichomshughulisha si rangi zenyewe, bali hisia kuu za binadamu kama majonzi na furaha.

Mtihani mkubwa wa msimamo wake ulikuja mwaka 1958, alipopewa kazi ya kuchora picha za mgahawa wa kifahari wa Four Seasons, ndani ya jengo la Seagram jijini New York. Malipo yalikuwa makubwa kwa wakati ule. Alichora turubai zipatazo 30, kwa rangi nzito za damu ya mzee na nyeusi. Lakini alipokwenda kula katika mgahawa huo mwaka 1959, aliona kuwa picha zake zingekuwa pambo tu la ukutani kwa matajiri waliokuja kula. Akajitoa na kurudisha fedha.

Picha nyingine, alizochora kwa ajili ya chumba cha chakula katika Chuo Kikuu cha Harvard, zilipatwa na mkasa wa aina yake. Rangi nyekundu aliyoitumia haikuhimili jua lililopenya madirishani, ikachujuka, na picha zikaondolewa na kuhifadhiwa. Mwaka 2014 zilionyeshwa tena, zikimulikwa kwa mwanga maalumu uliorejesha sura ya awali bila kugusa turubai.

Kuanzia mwaka 1964 Rothko alichora picha 14 kwa ajili ya kanisa dogo la Houston, Texas, kwa ombi la John na Dominique de Menil. Hakuishi kuliona likifunguliwa mwaka 1971. Mwaka 1968 aliugua mshipa mkuu wa moyo, ndoa yake ikavunjika, na huzuni ikamzidi. Februari 25, 1970 alijitoa uhai katika studio yake jijini New York, akiwa na umri wa miaka 66. Siku hiyohiyo, picha tisa za Seagram alizozitoa zawadi kwa jumba la sanaa la Tate ziliwasili London.

Mirathi yake ilizua kesi kubwa. Wasimamizi watatu waliachia picha 798 mikononi mwa jumba la biashara ya sanaa la Marlborough kwa masharti yaliyoinufaisha biashara hiyo. Binti yake, Kate, alifungua kesi mwaka 1971. Mwaka 1975 mahakama iliwaondoa wasimamizi hao na kuamuru fidia na faini za zaidi ya dola milioni 9, uamuzi uliothibitishwa mwaka 1977. Sehemu ya picha zilizookolewa iligawiwa kwa majumba ya makumbusho, na nyingi zaidi zikaenda katika Jumba la Taifa la Sanaa, Washington.

Mwaka 2012 picha yake iitwayo Orange, Red, Yellow iliuzwa mnadani New York kwa dola milioni 86.9. Mwaka uliofuata, mji wa Daugavpils, alikozaliwa, ulifungua kituo cha sanaa chenye jina lake.