Usipolipa deni, mkopo wa kesho unakuwaje?

Katika makanisa yetu ya Kivu na Ituri wengi wamo katika AVEC, wengine katika koperative za akiba na mikopo, wachache wana mkopo wa benki. Swali linaloulizwa mara nyingi ni hili: mtu akishindwa kulipa, je, ataweza kukopa tena?

Tuanze na AVEC, kwani ndiyo iliyo karibu nasi. Kwa kawaida mwanachama anaruhusiwa kukopa mpaka mara tatu ya akiba yake. Mama aliyeweka dola 100 anaweza kupewa 300. Akirudisha 120 tu, anabaki na deni la 180, bila kuhesabu riba. Siku ya kugawana, zile 100 zake zinakatwa, na 80 zilizobaki zinatoka katika mgao wa wenzake. Ndiyo sababu mwaka unaofuata hawamwandiki tena. Hakuna karatasi inayomfukuza, ila watu wanakumbuka. Na kikundi cha avenyu ya pili, kabla ya kumpokea, kitauliza kile cha kwanza.

Kwenye koperative na benki kumbukumbu ni ya maandishi. Banki Kuu ya Congo ina daftari liitwalo Centrale des risques, ambamo taasisi hutangaza mikopo waliyotoa na hali ya malipo yake. Kwa hiyo kukimbia deni hapa na kwenda kuomba kwingine si njia ya uhakika. Hata pale mkopo unapokubaliwa, mwenye historia mbaya huweza kupewa kiasi kidogo, kwa muda mfupi, na kuombwa dhamana zaidi: karatasi za parseli, au mtu wa kumsimamia.

Juu ya huyo mdhamini tunataka kukaa kidogo, maana wengi wanatia sahihi kwa huruma tu, pengine mlangoni pa kanisa baada ya ibada. Congo iliingia OHADA mwaka 2012, na sheria yake ya dhamana inasema kwamba mdhamini, isipokuwa mkataba unasema vingine, anawajibika pamoja na mkopaji. Mkopaji asipolipa, mdhamini anaweza kudaiwa deni, hata kama hakugusa franka moja. Kwa maoni yetu, asiyeweza kulipa kiasi hicho kutoka mfukoni mwake asitie sahihi, hata kama anayeomba ni shemeji yake.

Lakini si kila asiyelipa ni mdanganyifu. Volkano ya Nyiragongo ya Mei 2021 iliteketeza nyumba na biashara za watu. Mwanzoni mwa 2025, benki za Goma na Bukavu zilipofunga milango, wengine walikuwa na feza kwenye konti lakini hawakuweza kuzichukua. Deni halifutiki kwa sababu hizo, ila namna ya kujieleza ina uzito. Aliyekwenda kabla ya tarehe ya malipo, au aliyeandika barua akaomba kupangiwa upya, yuko mahali tofauti na aliyezima simu. Lipa hata kidogo, na udai risiti kila mara. Ukikimbia vita, beba kikarne cha malipo pamoja na karatasi za watoto.

Aliyekwisha kuharibu jina anaweza kulitengeneza, ingawa si kwa haraka. Amalize deni la zamani kwanza, hata kama limepita miaka. Aombe barua yenye muhuri inayosema hana deni tena, na arudishiwe karatasi za parseli alizoweka rehani. Wengi wanasahau hilo. Kisha aanze kuweka akiba kila juma bila kukopa, na akikopa, iwe kidogo, alipe kwa wakati. Katika AVEC, mzunguko mmoja ni kama miezi 9 mpaka 12, na wenzake watakuwa wanamwangalia mzunguko wote huo kabla ya kumkopesha kiasi kikubwa.