Mstari wa 1930: Ugomvi Uliovipa Vyama vya Magari ya Kale Sura Yake

Tarehe 14 Novemba 1896 msafara wa magari uliondoka London kwenda Brighton, mji wa pwani ulio takriban kilomita 90 kusini mwa jiji hilo. Ulikuwa wa kusherehekea sheria mpya iliyopandisha mwendo wa juu barabarani kutoka maili 4 kwa saa hadi 14, ingawa wakubwa wa serikali waliushusha papo hapo hadi 12. Novemba 2026 msafara huo unatimiza miaka 130. Hurudiwa kila mwaka, Jumapili ya kwanza ya mwezi huo, na magari yanayokusudiwa ni yale yaliyoundwa kabla ya 1905. Gari la 1905 lenyewe, hata liwe zuri namna gani, limechelewa. Mpenzi wa magari ya kale anayetafuta chama cha kujiunga nacho atajifunza mengi kwenye kanuni hiyo fupi kuliko kwenye picha za magari yanayong'aa. Chama cha namna hii huanza kwa kuchora mstari na kusema gari hili ni letu na lile silo. Urafiki, safari na vikombe hufuata baadaye. Historia ya vyama hivi ni historia ya mistari hiyo, na hoja ya makala haya ni kwamba anayechagua chama anachagua mstari, hata asipojua.

Mwanzo wa historia hiyo unajulikana vizuri. Msafara wa Brighton ulifufuliwa mwaka 1927 na gazeti moja la London, wakati ambapo magari ya karne iliyopita yalionekana vichekesho vya kutembezwa barabarani. Mwaka 1930 wapenzi waliokusanyika Brighton waliunda Veteran Car Club, chama kinachohesabiwa kuwa cha kwanza duniani kuundwa kwa ajili ya kuhifadhi magari ya mwanzo kabisa. Mmoja wa waasisi wake, S.C.H. Davis, alikuwa mwandishi wa michezo wa jarida la The Autocar na mshindi wa mbio za Le Mans za 1927 akiwa na Bentley. Mtu huyu, aliyejua kasi ya kisasa kuliko wengi, alikuwa pia na Léon Bollée ya magurudumu matatu ya mwaka 1897. Chama kiliweka ukomo wake mwisho wa 1904, kisha kikausogeza hadi 1918. Zaidi ya hapo kikajipa kazi ya kuyapa magari umri: kamati yake hukagua chesi, injini na kumbukumbu, kisha hutoa cheti cha mwaka. Cheti hicho kina nguvu hata sokoni, kwa sababu gari lililothibitishwa kuwa la 1904 hufungua mlango wa Brighton, na bei yake huliacha mbali pacha wake wa 1905.

Lakini chama kilichoamua jinsi dunia inavyoyatazama magari ya kale kilizaliwa miaka minne baadaye, na kilizaliwa na uchache wa fedha. Mwaka 1934 kundi la vijana wa Kiingereza waliopenda magari ya mbio lilianzisha Vintage Sports-Car Club. Walieleza waziwazi kwamba wanataka kuwapa nafasi ya kushindana watu wasio matajiri sana. Tusisahau wakati ulivyokuwa. Mdororo wa uchumi ulikuwa umeua viwanda vingi au kuviingiza mikononi mwa wengine; Bentley yenyewe ilinunuliwa na Rolls-Royce mwaka 1931. Magari ya miaka ya ishirini, yaliyoundwa kwa chuma kizito na mikono ya mafundi wenye subira, yalikuwa yakiuzwa kwa bei ya mkweche, kwa kuwa wenye nazo walitaka magari mapya yenye bodi iliyofungwa na viti laini. Vijana wale waliona kwamba kilichokuwa kikitupwa kilikuwa bora kuliko kilichokuwa kikinunuliwa. Usukani wa gari la zamani uliitikia mkono bila kusita, na injini yake ilifunguka kwa spana za kawaida. Imani hiyo ndiyo iliyojenga chama, na ndiyo iliyoleta ugomvi.

Mwanzoni kanuni ilikuwa rahisi: gari liwe na angalau miaka mitano. Tatizo la kanuni kama hiyo ni kwamba hutembea pamoja na kalenda. Kila Januari ingeleta mwaka mwingine wa magari, na punde wanachama wangejikuta wakilinda yaleyale waliyoyakimbia. Wakaamua kuusimamisha mstari mwisho wa 1930. Waliotetea uamuzi huo, Cecil Clutton akiwa miongoni mwa sauti zao kali, walidai kwamba baada ya hapo utamaduni wa kuunda gari kwa ajili ya dereva ulikufa, ukaachia nafasi uundaji wa kuwafurahisha wahasibu. Clutton hakuwa mtu wa maneno matupu. Aliliendesha kwa miongo mingi gari la mbio la Itala la mwaka 1908, lenye injini ya lita 12, na akalipeleka kwa nguvu zote ambazo mabreki yake yaliruhusu. Jarida la Motor Sport, lililohaririwa na Bill Boddy tangu 1936, liliwapa wenye mtazamo huo jukwaa la kudumu, na hoja iliyokuwa ya kundi dogo ikawa mazungumzo ya gereji nyingi.

Wapinzani hawakukosa ushahidi. Waliuliza ni muujiza gani uliotokea usiku wa kuamkia 1931. Je, Frazer Nash iliyoundwa 1932 kwa minyororo ileile na mikono ileile ilipoteza roho? Vipi kuhusu Bugatti, Alvis na Aston Martin za miaka ya thelathini, ambazo mtu yeyote mwenye masikio angezitambua kuwa ndugu wa zile za kabla? Hoja yao ilikuwa nzito kiasi kwamba, baada ya Vita Kuu ya Pili, chama kililazimika kuifungulia dirisha. Kiliunda daraja jipya la magari yaliyotoka kati ya 1931 na 1940, likikubali aina zilizochaguliwa moja moja kwa ubora wa uundaji wake. Wengine wameona hapo ushahidi kwamba mstari wa 1930 ulikuwa wa kubahatisha. Mimi naona kinyume chake. Chama kisicho na mstari kisingekuwa na cha kubishania, na bila ubishi ule pasingekuwa na mtu wa kukaa chini kueleza kwa nini gari moja la 1934 linastahili kutunzwa na jingine la mwaka uleule halistahili. Mstari ulikuwa mkali mno, ndiyo, lakini uliwalazimisha watu kutoa sababu, na sababu hizo ndizo zilizoyaokoa magari mengi yasikatwe kuwa vyuma chakavu.

Tofauti ya mistari huonekana zaidi tukivuka bahari. Classic Car Club of America, iliyoanzishwa 1952, ilichukua njia ya orodha: magari ya fahari yaliyotengenezwa kwa idadi ndogo, hasa kati ya 1925 na 1948, kama Packard kubwa na Duesenberg. Ford ya mkulima haikuwamo, ingawa ndiyo iliyoibadilisha nchi. Waingereza wa 1934 waliuliza gari linaendeshwaje, na Wamarekani wa 1952 wakauliza lilikuwa na hadhi gani lilipokuwa jipya. Jibu la kwanza liliyapeleka magari kwenye vilima vya matope na mashindano ya kupanda mlima, ambako hukwaruzwa, huharibika na kutengenezwa tena. La pili liliyafikisha kwenye nyasi zilizokatwa vizuri mbele ya waamuzi. Njia zote mbili zimehifadhi chuma. Lakini ujuzi wa kurekebisha kabureta au kubadili gia zisizo na msaada wowote hubaki hai mikononi mwa anayeendesha, na kwa sababu hiyo chama kinachotumia magari yake kimehifadhi zaidi ya kile kinachoyapangusa.

Wapo watakaosema kwamba haya yote ni ubaguzi uliovalishwa koti la historia, na kwamba mtu anaweza kulitunza gari lake uani bila kadi ya uanachama. Kuhusu ubaguzi, lawama ina ukweli pale mstari unapochorwa kwa bei au kwa ukoo. Lakini kanuni ya 1934 ilichorwa kwa ajili ya wasio na fedha, na 750 Club ya mwaka 1939 ilijengwa juu ya magari madogo ya Austin Seven yaliyokuwa ya bei rahisi. Kuhusu kujitegemea, jibu liko kwenye vipuri. Kiwanda kikishafungwa, hakuna duka litakaloagiza gasketi kwa ajili ya mteja mmoja. Wamiliki mia wakikusanyika wanaweza kuagiza pamoja, kuhifadhi michoro na kumtafuta fundi anayeweza kusubu kichwa kipya cha injini. Nchini Uingereza ofisi ya leseni yenyewe inatambua vyama kadhaa kuwa mashahidi wakati mwenye gari anapodai namba yake ya awali ya usajili. Mtu mmoja uani hana uzito huo.

Afrika Mashariki ina kila sababu ya kuichukua historia hii kwa uzito. Mbio za Safari zilipoanza 1953 kupitia Kenya, Uganda na Tanganyika, barabara zetu ziligeuka mtihani ulioogopwa na viwanda vya dunia. Mwaka 1965 dereva Joginder Singh alishinda na Volvo PV544 iliyokwisha kutumika katika mbio zilizotangulia. Gari la mtumba likawashinda waliokuja na magari mapya. Peugeot 404 ilishinda mara nne katika muongo huo. Nairobi imekuwa na mashindano ya urembo wa magari, Concours d'Elegance ya wenye Alfa Romeo, tangu 1970, na mwaka 2003 Safari ya magari ya kale ilifufua njia za zamani. Hata hivyo, macho yetu bado huvutwa zaidi na Jaguar na Rolls-Royce za wakubwa wa kikoloni kuliko na 404 iliyobeba abiria, Datsun ya mwalimu mkuu au Land Rover iliyopeleka dawa vijijini. Tumeazima mstari wa watu wengine. Nchini Kenya, ambako kanuni za uagizaji kwa kawaida hukataa gari lililozidi miaka minane, kila 404 inayokatwa vipande ni pengo ambalo meli haitaliziba kwa urahisi.

Litakuja pingamizi jingine, kwamba nchi yenye shule zisizo na madawati haina haja ya kuhangaikia magari yaliyochoka. Kutunza gari hakuondoi dawati darasani. Tena gari la kale halidai hazina ya serikali. Linadai fundi, na mafundi tunao. Kizazi kilichojifunza kufungua injini ya 404 kwa sikio na vidole kinazeeka bila wanafunzi, na chama kizuri ni karakana ya kuurithisha ujuzi huo kwa malipo ya haki. Kwa wanaohofia moshi wa magari haya, shirikisho la kimataifa la magari ya kale, FIVA, lililoanzishwa 1966, huhesabu kuwa ya kihistoria magari ya miaka 30 au zaidi yaliyotunzwa katika hali yake ya asili na yasiyotumika kwa usafiri wa kila siku. Safari chache za magari hayo haziwezi kulinganishwa na foleni ya asubuhi katika miji yetu.

Basi anayetaka kujiunga asianze na ada wala nembo. Asome kanuni ya kukubali magari, aulize ilifikiwaje na nani aliipinga. Ahudhurie tukio moja aone kama magari yalifika kwa magurudumu yake au juu ya lori. Aulize ni nani anayeshika kumbukumbu, vipuri hupatikana kwa utaratibu gani, na vijana na mafundi hukaa wapi chakula kinapoandaliwa. Na asipopata chama chenye nafasi kwa gari lililoijenga nchi yake, afanye walichofanya vijana wa 1934: awatafute wenzake, wachore mstari wao wenyewe, na wawe tayari kuutetea kwa sababu.