Hayumo

Miaka kadhaa iliyopita nilimsindikiza mama yangu kwenye ofisi moja kufuatilia mafao ya marehemu baba. Karani alibonyeza kompyuta, akatazama kioo, akasema: "Mzee huyu hayumo. Kwa hiyo hatudai kitu." Mama alikuwa na stakabadhi mkononi, tena zenye mhuri. Hazikuangaliwa.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikijiuliza kauli ile imetoka wapi. Zamani, mtu aliyetaka habari ndani ya kompyuta ilibidi aielekeze hatua kwa hatua: fungua jalada hili, fuata lile. Mwaka 1970 Edgar Codd, mzaliwa wa Uingereza aliyekuwa mtafiti wa IBM huko San Jose, Marekani, alipendekeza kumbukumbu zipangwe katika majedwali. Mtu aseme anachotaka tu; njia ya kukipata iachiwe mashine. Mwaka 1974 wenzake, Donald Chamberlin na Raymond Boyce, wakatangaza lugha ambayo leo inaitwa SQL.

Wengine walitaka kwenda mbali zaidi, wakitumia lugha ya mantiki. Walikutana Toulouse, Ufaransa, mwaka 1977. Katika mkondo huo ilikuja kuzaliwa lugha ya Datalog. Humo kanuni mbili zinatosha: mzazi wangu ni mhenga wangu, na mzazi wa mhenga wangu ni mhenga wangu pia. Mashine itapanda ukoo mzima yenyewe. SQL ilipewa uwezo huo rasmi mwaka 1999.

Lakini kitabu cha mkutano ule, kilichotoka mwaka 1978, kina makala ya Raymond Reiter wa Kanada. Yeye alieleza wazi jambo lililokuwa likifanyika kimya kimya: kisichoandikwa humo, wala kisichoweza kutokana na yaliyoandikwa, kinahesabiwa si kweli. Kwa ratiba ya ndege yafaa sana. Safari isiyo kwenye ratiba haipo. Hata hivyo Reiter aliiita dhana, na dhana hiyo husimama pale tu orodha inapokuwa imekamilika.

Miezi minne baadaye jina la baba lilipatikana katika jalada la karatasi. Hakuna aliyekuwa ameliingiza kwenye kompyuta.

Kompyuta, basi, haikusema uongo. Baba hakuwamo. Ni karani aliyeligeuza neno "hayumo" likawa "hakuwapo".

Ndugu msikilizaji, ukiambiwa humo, uliza: nani aliandika, na alimaliza?